Mwezi Ulioandama Kwenye Kioo

Tuojiawan, 16 Mei 2021
Mfunguo Mosi, siku ya nne

Mpwa wangu Idrisi,

Assalamu alaikum, na baada ya salamu, habari za nyumbani zikutangulie. Mama yako mzima. Goti humsumbua asubuhi tu, ulimi haujamsumbua hata siku moja. Mkaza mjomba wako Zuleya anakusalimu na anauliza kama huko Shenzhen wanawake wameisha. Kondoo watatu wamezaa. Viazi tumepanda, mvua ndiyo tunayoisubiri.

Ninaandika badala ya kupiga kwa sababu mama yako akipokea simu huweka sauti kubwa mpaka kondoo wakajua mambo yetu. Na marehemu babu yako alikuwa akisema, mambo ya dini na mambo ya posa huandikwa.

Sasa sikia. Ile simu uliyoniletea mwezi wa Shaabani, ambayo nilikucheka nayo nikakuuliza kama nitakamulia kondoo, imenitoa aibu. Jioni ya ishirini na tisa ya Ramadhani tulipanda kilimani kama kawaida, mimi mbele, Imamu Tian na mkongojo wake, Mzee Hai na midomo yake, na wanaume wengine kama ishirini. Vumbi la jangwani lilikuwa limetanda upande wa magharibi, anga yote rangi ya supu. Wakatazama wee, hamna. Mzee Hai akaanza, "Yunusi, babu zako waliuona mwezi hata kwenye dhoruba, wewe umerithi kofia tu." Nikakumbuka simu. Nikaielekeza pale jua lilipozamia, nikavuta karibu kama ulivyonifundisha, na mwezi huo hapo. Mweupe, umekatika vizuri kama ukucha. Imamu akaniuliza, "Umeuona?" Nikasema, "Nimeuona." Akapiga takbiri, tukashuka, na Alhamisi tukasali Iddi.

Zuleya alikaanga mikate ya mafuta mpaka mtaa mzima ukanukia. Tulichinja kondoo wawili. Mzee Hai alikula kwangu na kunyamaza, jambo ambalo halijawahi kutokea. Watu wa kalenda kule bondeni, wanaohesabu siku bila kutazama mwezi, ambao siku zote wanatuita watu wa kale, sasa wanakuja kuitazama simu.

Mungu akulipe, mwanangu. Umeliinua jina la mjomba wako.

Yunusi

*

Shenzhen, 30 Mei 2021

Mjomba wangu mheshimiwa,

Wa alaikumu salaam. Shikamoo mjomba, na shikamoo yangu imfikie mkaza mjomba, na mama umwambie asipande ngazi za ghalani. Mwambie mkaza mjomba wanawake wapo, ila wote wako kazini kama mimi.

Mimi mzima. Kazi ni nyingi. Tukiingia ofisini tunaacha simu zetu kwenye makabati mlangoni, kwa hiyo wakati wa sala nakisia kwa kutazama saa ya ukutani, halafu nasali kwenye ngazi za dharura juu ya boksi la katoni. Mwanzoni nilikuwa na adhana kwenye simu. Siku moja niliisahau mfukoni ikaanza kuita katikati ya kikao, mkuu wetu akauliza nani kaweka mlio wa namna hiyo. Nikasema samahani, nikaizima. Hilo linaniuma mpaka leo, kwamba niliomba samahani. Na nikisoma Kurani kwenye simu, tangazo la viatu linashuka juu ya aya, nami nalifuata. Najikuta nimekaa nusu saa kwenye viatu, aya inaningoja.

Mjomba, barua yako niliisoma mara nyingi. Nimefurahi mlivyosali Iddi kwa furaha. Nilitaka kukuuliza mambo madogo tu, usinielewe vibaya. Baada ya kuuona kwenye kioo, je, uliuona na kwa jicho lako? Kuna mwingine aliyeuona bila simu? Na pembe zake zilielekea wapi, na ulikuwa na madoa au ulikuwa mweupe mtupu?

Nauliza tu kwa ajili ya kazi yangu.

Mpwa wako,
Idrisi

*

Tuojiawan, 9 Juni 2021

Idrisi,

Salamu tele. Tumepata mvua moja, ya kutia adabu vumbi tu. Mama yako amepanda ngazi za ghalani. Nilimsomea barua yako akasema ngazi zile alizipanda akiwa na mimba yako, na wewe usimfundishe. Mimi nimemaliza funga zangu sita za Mfunguo Mosi, nikaongeza moja. Zuleya akauliza ya saba ni ya nini, nikamwambia ni ya tumbo, limekuwa kubwa.

Habari ya adhana uliyoizima, usijitafune. Hata mimi nilipokuwa kijana kwenye machimbo ya mawe nilikuwa nasali nyuma ya lori nikidai naenda haja. Mungu anajua nani alikuwa mbele ya nani. Ila hao viatu waache.

Maswali yako nimeyaona. Hayo ni maswali ya kadhi, si ya mpwa. Mimi nimekuwa mwangalizi wa mwezi wa kijiji hiki miaka thelathini, na babu yako kabla yangu, na hakuna aliyewahi kuniuliza pembe zilielekea wapi. Nilisema nimeuona. Hilo halitoshi?

Nimekwenda kunywa chai, nikarudi. Sikutaka barua iende na hasira.

Tena kuna habari kubwa. Imamu Tian ameitwa bondeni. Misikiti sita ya bonde hili imekubaliana kwamba mwezi wa Mfunguo Tatu hatutagombana tena. Watafuata kilima chetu. Yaani watafuata simu yako. Siku ya kusimama Arafa na siku ya kuchinja, vijiji vyote sita vitangoja neno la Yunusi Tuo. Imamu anasema jioni hiyo nitakula kiapo mbele yao kwanza, kwa kuwa wengine hawanijui. Zuleya ameshanishonea kofia mpya.

Ungeona jinsi Mzee Hai anavyonisalimia siku hizi.

Basi niambie unaulizia nini.

Yunusi

*

Shenzhen, 18 Juni 2021

Mjomba,

Salamu nyingi. Naandika haraka.

Simu ile ina hitilafu. Kuna toleo moja lililotoka kiwandani na kasoro kwenye kamera, nami nimegundua yako ni ya toleo hilo. Tafadhali irudishe kwa posta kabla ya mwisho wa mwezi huu, nitakuletea nyingine baadaye. Isitumike kilimani. Ikichelewa kufika si neno, muhimu ni iwe imetoka mikononi mwako.

Kiapo usile, mjomba. Waambie unaumwa.

Nisalimie wote. Mimi siumwi, ila usingizi umepungua.

Idrisi

*

Tuojiawan, 27 Juni 2021

Idrisi,

Wazima wote.

Simu yako haina kasoro yoyote. Nimempiga picha kondoo mwenye jicho moja, na kwenye picha ana jicho moja. Nimempiga mama yako, amekasirika vilevile alivyo.

Nilikulea tangu baba yako alipofariki, ukiwa hujui hata kufunga kamba za viatu. Ulipovunja birika la msikitini ulikuja mwenyewe ukiwa umeshika vipande, ukaniambia, "Mjomba, ni mimi." Mtoto yule nilimpenda. Huyu anayeniambia nijifanye mgonjwa mbele ya misikiti sita simjui katoka wapi.

Mficha uchi hazai. Mimi mtu mzima, una neno niambie. Mfunguo Tatu inakuja, posta inakuja siku za gulio tu, na jioni ya kiapo ni tarehe kumi Julai. Barua yako isipofika nitapanda kilima, nitaapa, na nitaielekeza simu magharibi.

Yunusi

*

Shenzhen, 1 Julai 2021
Kwa posta ya haraka

Mjomba wangu,

Shikamoo. Leo sitaanza na habari za afya, unisamehe. Ni mimi, na nimeshika vipande.

Simu haina kasoro. Ilifanya vile ilivyofundishwa, na niliyeifundisha ni mimi. Ulikuwa ukiniuliza kila mwaka nafanya kazi gani hasa, nami nilikuwa nakujibu "mambo ya picha." Kazi yenyewe ni hii. Kamera ya simu ni ndogo, haiwezi kuona mbali usiku. Watu wanapiga picha ya mwezi wanapata doa, wanalalamika. Basi tukakaa mwaka mzima na maelfu ya picha safi za mwezi, mwembamba na mpana, tukaionyesha mashine mpaka ikaujua kwa kichwa. Sasa ukiielekeza kwenye kitu cheupe kilichopinda, inajisemea, huu ni mwezi, kisha inakijazia yale ambayo haikuyaona. Mjomba, inachora. Inachora vizuri sana, nilipewa zawadi kwa hilo.

Kwa hiyo jioni ile, huenda mwezi ulikuwepo nyuma ya vumbi. Huenda ulikuwa ukingo wa wingu ulioshika mwanga wa jua. Simu haiwezi kutofautisha, na mimi nikiwa huku siwezi kujua. Hakuna anayejua isipokuwa Mungu, na wewe kama uliuona kwa jicho.

Nilipokununulia sikufikiria kilima hata kidogo. Huku mwezi ni pambo la kutuma kwa rafiki. Nilisahau kuwa kwenu ni shahidi. Barua yako ya kwanza nilipoisoma ndipo nikaelewa. Kijiji kizima kimekula mchana kwa mchoro wangu. Nikataka kukuambia siku hiyohiyo, nikaogopa vitu viwili. Nilitia saini kwamba sitamweleza mtu wa nje jinsi mashine inavyofanya kazi, na wakijua nitafukuzwa, na mama anategemea ninachotuma. Cha pili ni wewe. Nilikuwa najua unavyosubiri Mzee Hai akunyamazie.

Ukitaka kuhakikisha, usinisikilize mimi. Chukua kifuniko cha bakuli lako la chai, kile cheupe. Kitundike mbali uani jua likizama, taa ikiangazia ukingo mmoja tu. Simama mwisho wa ua, vuta karibu, piga. Halafu tazama.

Mjomba, sijui sasa riziki yangu ni halali au la. Nikisujudu kwenye zile ngazi nahisi kama ninasali kwa mkono mmoja na kuchora kwa mkono wa pili. Niambie nifanye nini. Na kama umenikasirikia, niandikie hata matusi, ila uniandikie.

Idrisi

*

Tuojiawan, 12 Julai 2021

Idrisi mwanangu,

Wa alaikumu salaam, na marahaba. Tumeamka wazima. Goti la mama yako lilelile. Barua yako ilifika siku ya gulio, tarehe nane, mtu wa posta akaniletea palepale nilipokuwa nauza viazi vya mwaka jana. Niliisomea nyuma ya magunia. Mteja akaniuliza kuna msiba, nikamwambia bado.

Jioni nilitundika kifuniko kwenye ule mti mkavu wa uani. Zuleya akadhani akili imeniruka. Nikasimama kule zizini nikapiga. Ukatokea mwezi. Mzuri, mwanangu, sikufichi, una mabonde na milima yake yote. Zuleya akautazama, akatazama kifuniko, akasema, "Na mimi ninywe chai kwenye mwezi." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nilipokaa chini kicheko kikakata.

Sasa nami nikupe vipande vyangu. Uliniuliza kama uliuona na kwa jicho, nikakukaripia. Sikuuona. Sijauona mwezi mchanga kwa mwaka wa tatu sasa. Nina mtoto wa jicho, la kulia lote, la kushoto nusu. Nilikuwa nangoja wengine waseme "ule pale," nami nasema "naam, ule pale," kwa sauti ya mwenye kilima. Mwaka huu vumbi lilikuja, hakuna aliyesema, na wote wakanitazama mimi. Ndipo nikatoa simu.

Na kuna la zaidi. Ulipouliza habari ya madoa ulinichoma. Mwezi wa usiku mmoja ni uzi mtupu, hauna madoa. Ule wa kwenye kioo ulikuwa na madoa kama wa siku kumi. Kioo kikiwa puani hata jicho hili liliyaona. Niliyaona palepale kilimani, Idrisi, kabla Imamu hajaniuliza. Nikasema nimeuona. Funga ile ya saba haikuwa ya tumbo. Nilikuwa nailipa ile Alhamisi, peke yangu, kimyakimya, nikadhani nimemalizana na Mungu. Kijiji kizima nikakiacha na deni lake bila kujua.

Basi usijibebeshe wewe mzigo wote. Mashine yako ilichora, mimi nikautolea ushahidi.

Jumamosi tulipanda. Misikiti yote sita, watu mpaka kilima kikawa cheusi kwa viatu. Kofia mpya niliivaa, sikuwa na jinsi, Zuleya alikuwa mlangoni. Jua likazama, mawingu membamba yamejipanga magharibi. Kabla sijafungua mdomo kuapa, Mzee Hai akaniomba simu, aone yeye kwanza. Nikampa. Akaivuta karibu, akapiga kelele, "Huu hapa, umeandama." Wakaanza kutoa takbiri nyuma huko. Mwezi ulikuwa kwenye kioo, kweli, mweupe, na madoa yake.

Nikawaambia wakae. Nikatoa kifuniko kifuani, nikamwomba kijana mmoja asimame nacho kule kwenye mawe na tochi pembeni yake. Nikamwambia Hai, "Kipige na hiki." Akakipiga. Akakiangalia. Simu ikapita mkono kwa mkono mpaka kwa wazee wa bondeni, na takbiri ikafia hukohuko nyuma.

Kisha nikasema habari ya Ramadhani. Nikasema na habari ya macho. Hakuna aliyenizomea, na hilo ndilo lililokuwa gumu. Mjane wa Mzee Mu aliyefunga mwezi mzima na kifua chake kibovu aliposikia baadaye, alikuja mpaka mlangoni kwangu, akanitazama tu, akarudi. Imamu amesema kijiji kizima kilipe siku moja kwa tahadhari. Tumeanza leo walio wengi. Mwezi wa Jumamosi tuliukataa, tukatimiza thelathini. Bondeni wamesema mwakani watarudi kwenye kalenda yao.

Uangalizi wa mwezi wamenivua. Walifanya kwa adabu, Imamu akaniambia nipumzishe macho. Kofia nimempa Hai, inambana.

Jina lako halikutajwa. Nilisema niligundua mwenyewe nikinywa chai. Huo nao ni uongo, nitautubia, lakini wewe hutafukuzwa kwa mdomo wangu. Kuhusu riziki yako, mimi mkulima wa viazi, sijui. Mtafute mwenye elimu huko umuulize waziwazi kama ulivyoniuliza mimi, na ukiulizwa kazi usijibu tena "mambo ya picha." Adhana irudishe kwenye simu. Ikilia kikaoni, usiombe samahani. Toka nje ukasali.

Simu sitairudisha. Naitumia kuuvuta karibu mdomo wa mama yako anapokugombeza kwenye simu yake.

Jana jioni mwezi uliandama. Mama yako ndiye aliyeuona, akiwa anaanua nguo. Aliniita, "Kaka, ule pale, juu ya paa la Hai." Nikatoka. Akanishika mkono, akakielekeza kidole changu kwenye mwezi. Nikakodoa macho muda mrefu. Sikuona kitu, mwanangu. Nikamwamini.

Mjomba wako,
Yunusi